Picha ya kompyuta ina ukungu kwenye TV? Usikimbilie kununua waya mwingine



Leo tuongelee swali ambalo wauzaji wengi wanauliza hapa Tukuyu: "Nimeunganisha laptopu na TV, mbona maandishi hayasomeki vizuri?" Wengi wanaouliza hawataki kuangalia muvi. Wanauza mtandaoni, wanataka kioo kikubwa cha kupanga picha za bidhaa, kuandika oda na kumwonyesha mteja aliyeingia dukani mzigo uliopo. TV ipo tayari ndani, na monita ni hela nyingine. Wazo ni zuri kabisa.

Ukungu wa Rungwe tumeuzoea, ila wa kwenye TV unakula hela. Unasoma 3 kumbe ni 8, unafunga mzigo pungufu. Rangi ya kitenge inaonekana tofauti, unarekebisha picha vibaya, unaiposti. Mteja wa Mbeya anapokea kifurushi kwenye basi anakwambia hii siyo niliyoiona. Kukirudisha ni nauli yako.

Kitu cha kuelewa ni kimoja. Kompyuta na TV zote zinachora picha kwa nukta ndogo ndogo. Nukta moja ya kompyuta ikikaa kwenye nukta moja ya TV, picha inakuwa safi. Zisipolingana, TV inaanza kukisia, na hapo ndipo ukungu unapoingia. Hatua zote hapa chini zinatafuta huo ulinganifu. Nimetumia Windows kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayo.

1. Angalia aina ya waya

Nyaya za rangi tatu (njano, nyeupe, nyekundu) za king'amuzi au deki ziache. Zilitengenezwa kwa picha ya TV ya chogo, yenye mistari 576 tu. Maandishi madogo hayawezi kupona humo.

Waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu, pini 15 na skrubu mbili, unafaa kama laptopu ni ya zamani. Ila haupitishi sauti, na ukiwa mrefu au dhaifu picha inapauka au inapata kivuli.

HDMI ndiyo bora, picha na sauti kwenye waya mmoja. Na hapa usiliwe hela. Waya wa HDMI ukiwa mbovu, picha inakatika, inazima na kuwaka, au inatoa vidoa vinavyometameta. Haileti ukungu. Kwa hiyo kama picha imetulia lakini haisomeki, waya wa bei kubwa uliopakwa dhahabu hautakusaidia. Tatizo lipo kwenye setingi.

2. Bonyeza Windows na P

Zitakuja chaguo nne. Wengi wanabaki kwenye "Duplicate", yaani picha ileile kwenye laptopu na TV. Hapo vioo viwili vinalazimishwa kutumia saizi moja, na kimoja kinaumia. Chagua "Second screen only" ili TV ipate saizi yake yenyewe. Ukitaka kutumia vyote viwili, chagua "Extend".

3. Weka saizi sahihi

Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye sehemu tupu ya kioo, ingia "Display settings", tafuta "Display resolution".

TV iliyoandikwa Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, karibu milioni 2. TV nyingi za inchi 32 zimeandikwa HD tu au HD Ready, na kioo chake ni 1366 kwa 768, milioni 1 na kidogo. Ujanja ni kwamba hizi za HD nyingi zinakubali kupokea 1920 kwa 1080, na kompyuta inaweza hata kuandika "Recommended". Lakini nukta milioni 2 zinabanwa kwenye nafasi ya milioni 1, herufi lazima zikwaruzike. Kwa TV ya namna hiyo jaribu 1366 kwa 768 au 1360 kwa 768. Zisipokuwepo kwenye orodha, jaribu 1280 kwa 720 na 1920 kwa 1080, chagua inayosomeka zaidi.

Maandishi yakiwa madogo usishushe saizi ya picha. Panda kwenye "Scale", weka 125% au 150%. Herufi zinakua na picha inabaki safi.

4. Kama kingo zimekatwa

Huoni saa pale chini kulia? TV inakuza picha na kukata pembeni. Ni tabia iliyobaki toka enzi za TV za chogo, na ukuzaji huo unaharibu herufi zote hata za katikati. Shika rimoti, ingia sehemu ya ukubwa wa picha. Kwenye LG tafuta "Just Scan", Samsung "Screen Fit" au "Fit to screen", Sony "Full Pixel". TV nyingine zinaandika "Dot by Dot" au "1:1".

5. Iambie TV kwamba hii ni kompyuta

Kwenye orodha ya matundu, TV nyingi zinakubali ubadilishe jina au alama ya HDMI kuwa "PC". Fanya hivyo. TV inaacha kupamba picha, na maandishi ya rangi, kama mekundu kwenye bluu, yanakaa vizuri.

Kisha punguza "Sharpness" taratibu mpaka ule mstari mweupe unaozunguka herufi upotee. Jina linadanganya: ukiipandisha sana inachora kingo za uongo.

6. Rangi

Toa "Vivid" au "Dynamic", weka "Standard" au "Movie". Vivid inafanya parachichi la kawaida lionekane kama limepakwa rangi. Nyeusi ikionekana kijivu, tafuta "HDMI Black Level" kwenye TV, jaribu kila chaguo. Baki na ile ambayo nguo nyeusi ni nyeusi lakini mikunjo yake bado inaonekana.

Halafu kabla hujaposti, fungua picha hiyo kwenye simu mbili tofauti, na bidhaa yenyewe ukiwa umeishika karibu na dirisha. Mteja wako hanunui kupitia TV yako, ananunua kupitia simu yake. TV ni ya kukurahisishia kazi, simu ndiyo ya kuamua rangi.

Jaribio la dakika moja

Andika 3 8 6 0 kwa saizi ya kawaida, kaa unapokaa siku zote, usome. Angalia kama saa na kitufe cha Start vinaonekana vyote. Vikikubali, kazi imeisha na hujatoa hata mia.

Kama TV yako menyu yake ina majina mengine, andika hapo chini aina ya TV na unachokiona, tusaidiane. Na mtumie mwenzako anayetaka kwenda kununua waya leo.