Roboti za Astrobee: nani atalinda nyumba ya anga wenyewe wakiwa hawapo?

Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu ya dunia, kuna wasaidizi watatu wasiokula wala kulala. Ni roboti za Astrobee za shirika la anga la Marekani, NASA: Bumble, Honey na Queen. Majina yote matatu yanahusu nyuki.

Bumble na Honey zilipelekwa huko mwezi wa Aprili 2019, Queen ikafuata mwezi wa Julai mwaka huohuo. Kila moja ni kama sanduku lenye upana wa sentimita 30 hivi. Hazina mabawa. Feni za umeme zinavuta hewa na kuitoa kupitia matundu madogo. Kwa kuwa humo vitu vinaelea, msukumo huo mdogo unatosha kuipeleka roboti upande wowote. Nje ya kituo, ambako hakuna hewa, feni hizo zisingesaidia kitu.

Kamera zinaionyesha roboti njia, na mkono mdogo unashika vyuma vya ukutani ili itulie bila kumaliza batri. Inaweza kurudi yenyewe kuchaji, ndani ya maabara ya Japani iitwayo Kibo.

Faida ya kwanza ni muda. Wanaanga ni wachache, na sehemu ya siku yao inaliwa na kazi ndogondogo: kutafuta vifaa, kupiga picha, kukagua. Roboti ikizifanya, ikiongozwa na wataalamu walio duniani, mwanaanga anabaki na utafiti wake.

Lakini kuna swali zito zaidi. Vituo vinavyofikiriwa kwa safari za Mwezini na Mars vinaweza kukaa miezi mingi bila mtu. Kitu kikiharibika, nani atakiona?

Ndiyo sababu ya jaribio la programu ya NASA iitwayo ISAAC. Bumble ilipewa tatizo la kuigiza: kaboni dayoksaidi imezidi ndani ya kituo. Ikaenda kutafuta chanzo, ikakuta tundu la kupitishia hewa limezibwa na soksi. Kwa kweli ilikuwa picha ya soksi, iliyowekwa makusudi.

Soksi inachekesha. Ila mahali ambapo hakuna dirisha la kufungua, tundu lililozibwa linaweza kuua. Roboti iliigundua, kisha ikaomba msaada wa kuiondoa.