Wageni wa Taa ya Barazani: Tuwajue Mbawakawa wa Garissa

Mvua za Deyr zinyeshapo Garissa, taa ya barazani hupata wageni. Mama akimwona mdudu mweusi anakimbia sakafuni, mkono huenda kwenye kiatu au kwenye dawa ya kupulizia. Kabla ya kuua, ni vyema kuuliza: huyu ni nani?

Wengi wao ni mbawakawa, wadudu wenye mbawa za mbele ngumu kama gamba. Jamaa ya wale wakimbiao ardhini ina aina zaidi ya 30,000 duniani. Mchana wengi wao hujificha chini ya mawe na majani makavu. Usiku huwinda viwavi na wadudu wengineo. Kwa mkulima wa kando ya Mto Tana, huyo ni mlinzi asiyedai ujira.

Wataalamu huwahesabu kwa njia nyepesi: kikombe hufukiwa ardhini, ukingo wake ukawa sawa na udongo, na mdudu apitaye hutumbukia. Familia nayo yaweza. Fukieni vikombe vitano shambani karibu na mto, vitano penye vichaka vya mathenge, na vitano uani mjini. Tegeni baada ya Magharibi, mkague baada ya Alfajiri, jua halijawa kali. Watoto wasitie mkono, kwani nge naye hutumbukia. Andikeni tarehe, mahali, sura na idadi. Kisha waachilieni wakiwa hai, mkafukie mashimo. Kiumbe cha Mwenyezi Mungu hakiteswi kwa ajili ya udadisi.

Rudieni hesabu hiyo wakati wa kiangazi na wakati wa mvua za Gu. Mkilinganisha kurasa, mtaona ni aina zipi zimo shambani na hazimo mjini, na kama zinapungua pale panapomwagwa dawa mara kwa mara.

Wawili wanataka hadhari. Wa kwanza ni Anthia, mkubwa, mweusi, aghalabu mwenye mabaka meupe, akaaye nyika kavu. Akitishwa hurusha tindikali iumizayo macho. Wa pili ni mwembamba, mweusi na mwekundu wa machungwa, aitwaye nzi wa Nairobi ingawa naye ni mbawakawa wa jamaa nyingine. Haumi wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake, na akipondwa juu ya ngozi huacha malengelenge. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimzidisha mno nchini. Akimtua mtoto, mpulizeni aondoke, msimponde. Kisha osheni mahali hapo kwa sabuni na maji, na mtoto asijisugue macho. Usiku wa mvua, zimeni taa isiyohitajika na mlale ndani ya chandarua.

Hata huyo, akiwa shambani, hula wadudu waharibifu. Basi kiatu na kingoje kidogo, hadi tumjue aliyetutembelea.