Macheo ya Chalbi: Picha saba zinavyounganishwa kuwa moja

JANGWA la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ni uwanda mweupe wa chumvi na vumbi uliokuwa ziwa zama za kale. Ni mpana mno kiasi kwamba picha moja ya kawaida hunasa kipande chake tu.

Ndiyo maana wapigapicha hupiga picha kadhaa mfululizo, tuseme saba, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha huziunganisha kwa programu ya kompyuta. Programu hiyo hutafuta alama zinazofanana kwenye kingo za picha mbili zinazopakana. Kwa sababu hiyo, kila picha sharti irudie walau theluthi moja ya iliyoitangulia. Uwanda mtupu hauna alama nyingi, hivyo nyufa za ardhi, mawe na nyayo za ngamia ni msaada mkubwa.

Adui wa kazi hii ni wakati. Chalbi iko karibu na Ikweta, na jua huko hupanda takriban wima. Tangu ukingo wake uonekane hadi duara lote kutokeza, hupita dakika mbili hivi. Mpigapicha akisitasita, picha ya kwanza itaonyesha ardhi ya kijivu na ya saba ardhi ya dhahabu, na kiungo kitaonekana kama kiraka kwenye nguo.

Kwa hiyo matayarisho yote hukamilika kabla ya mapambazuko. Stendi ya miguu mitatu husimikwa na kusawazishwa, ili upeo wa macho usipinde. Kamera hufungwa kwa wima, ipate anga na ardhi ya kutosha. Kiasi cha mwanga, rangi na umbali wa kulenga hupangwa kwa mkono na kuachwa vilivyo. Kamera ikijipangia yenyewe, itapunguza mwanga ikielekea mashariki na kuuongeza ikigeukia magharibi, nalo anga litatoka na mabaka. Jua linapochomoza, picha zote saba hupigwa ndani ya nusu dakika.

Jambo la mwisho ni ngamia. Wafugaji wa jamii ya Wagabra huwapeleka wanyama wao visimani, na msafara wao ndio uhai wa mandhari hayo. Lakini kamera ikizungushwa kuelekea wanakokwenda, ngamia mmoja aweza kunaswa katika picha mbili. Heri kuizungusha kinyume cha mwendo wao, au kusubiri msafara wote uingie katika picha moja.

Hilo si suala la urembo pekee. Msomaji wa gazeti akiona ngamia wawili ataamini walikuwa wawili. Mpigapicha akigundua kosa hilo baadaye, njia ya haki ni moja: kuiacha picha hiyo, na kurudi uwandani alfajiri inayofuata.