Ki-67: Kipimo cha Kasi ya Saratani na Mipaka Yake

Mtaalamu wa patholojia akitaka kujua uvimbe unakua kwa kasi gani, huweka juu ya kipande chembamba cha nyama kingamwili inayonasa protini iitwayo Ki-67. Rangi ikishaongezwa, viini vya seli zinazojiandaa kugawanyika huonekana vya kahawia chini ya hadubini. Vya seli zilizopumzika hubaki vya buluu. Seli huhesabiwa na asilimia kuandikwa kwenye majibu, na kwa mgonjwa wa saratani ya matiti asilimia hiyo huweza kuchangia uamuzi wa kumpa tibakemikali au kutompa. Kingamwili yenyewe ni ya kuaminika. Asilimia inayotokana nayo ni jambo jingine: inategemea jinsi nyama ilivyotunzwa kabla ya kufika maabara.

Kingamwili hiyo ilizaliwa Kiel, Ujerumani, ambako Johannes Gerdes na wenzake waliitangaza mwaka 1983. Walimchanja panya viini vya seli za limfoma ya Hodgkin, kisha wakafuata njia ya Georges Köhler na César Milstein ya mwaka 1975: seli za kinga za panya huunganishwa na seli za saratani, na kila ukoo wa seli unaopatikana hutoa kingamwili ya aina moja tu. Uwezo wa kingamwili ya Ki-67 hudhihirika kwenye limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 baada ya kuwatibu watoto nchini Uganda. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na karibu kila seli yake hushika rangi ya kahawia.

Mtu anaweza kupinga: mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba Ki-67 huzuia kromosomu zisigandamane wakati seli inagawanyika, na kwamba seli zisizo nayo bado hugawanyika. Je, tunapima kitu kisicho na maana? Hapana. Pafukapo moshi pana moto, ingawa si moshi uliouwasha. Kipimo kinahitaji alama inayoandamana na mgawanyiko, hata kama si yenyewe inayouendesha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wasomaji wawili wa kioo kimoja huweza kutofautiana, na nyama iliyochelewa kutiwa fomalini, dawa ya kuihifadhi, huweza kutoa asilimia ya chini kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana mwaka 2021 kundi la kimataifa la wataalamu lilishauri kwamba, katika saratani ya matiti ya hatua za mwanzo, zitegemewe asilimia 5 kushuka chini na 30 kwenda juu. Za katikati zina utata. Kuacha kipimo kwa sababu hiyo ni kupoteza ushahidi mzuri. Tiba ya ucheleweshaji huo haihitaji mashine ya gharama: fomalini iwe tayari kwenye chumba cha upasuaji, na saa ya kukatwa nyama pamoja na saa ya kutumbukizwa ziandikwe kwenye fomu. Daktari asiyezijua saa hizo hana msingi wa kumwamulia mgonjwa kwa asilimia peke yake.