Rizevu si tangi la pili

Waendesha bodaboda wengi huamini kuwa pikipiki ina tangi dogo la akiba lililofichwa mahali fulani. Halipo. Pikipiki ya kabureta ina tangi moja, na petroli yote imo humo pamoja. Kinachoitenga akiba ni koki iliyo chini ya tangi. Koki hiyo ina njia mbili za kupokea mafuta: kijibomba kilichosimama juu ya sakafu ya tangi, na tundu lililo karibu kabisa na sakafu. Koki ikiwa kwenye ON, injini hunywa kupitia kijibomba kirefu. Mafuta yakishuka chini ya mdomo wake, injini inakohoa na kukosa nguvu. Ukigeuza koki kwenda RES, tundu la chini linaanza kazi.

Bakuli la kabureta hubaki na mafuta kidogo, kwa hiyo injini haizimi papo hapo. Jizoeze kuigeuza koki kwa vidole bila kuinamisha macho, kwa sababu injini inaweza kukohoa wakati uko ubavuni mwa lori.

Kukohoa huko ndiyo faida kubwa ya rizevu, na hapa ndipo ninapowahurumia vijana wa bodaboda. Wengi hununua mafuta kwa fedha na si kwa lita: ya elfu mbili asubuhi, ya elfu tatu mchana, kadiri abiria wanavyopatikana. Petroli yao haifiki hata siku moja kwenye mdomo wa kijibomba kirefu, hivyo koki inakaa RES mwaka mzima. Mtu huyo hana akiba. Mafuta yakiisha, yameisha kweli, bila onyo lolote. Zaidi ya hayo, maji na uchafu hutuama chini, mahali lile tundu linaponywea, na ndiyo sababu chujio la koki lahitaji kusafishwa mara kwa mara. Kwa maoni yangu, siku kipato kinaporuhusu, jaza mara moja mpaka juu ya kijibomba, urudishe koki ON, kisha uendelee kuongeza kidogo kidogo ukiwa juu ya mstari huo. Kiasi unachotumia kwa siku ni kilekile, ila sasa una onyo.

Kujua akiba yako ni kiasi gani hakuhitaji fundi. Endesha karibu na kituo cha mafuta mpaka injini ikohoe, geuza RES, nenda moja kwa moja ukajaze mpaka chini ya shingo ya tangi. Usijaze hadi mdomoni, kwani petroli hutanuka: lita 10 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu mililita 200, nazo zitatafuta pa kutokea. Tuseme kitabu cha pikipiki kinasema tangi ni lita 11, na pampu imekupa 9.3. Akiba ni kama lita 1.7. Sasa andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Ukijaza tena mpaka alama ileile baada ya kilomita 160 na zikaingia lita 4, pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita. Kwa hesabu hiyo, akiba ni kilomita 68.

Hizo 68 ni za barabara tambarare na mtu mmoja. Pakia abiria wawili na gunia, panda mlima, na lita moja inaweza kukupa kilomita 30 tu. Akiba inashuka hadi 51. Barabara kuu inayopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi ina urefu wa kilomita 50 hivi, na tembo na simba wapo kando yake. Injini ikikohoa ukiwa langoni na mzigo wa namna hiyo, geuza urudi ukatafute mafuta.

Tena si kila tone la akiba hufika kwenye injini. Tangi limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, likiwa na bonde katikati na mifuko miwili pembeni. Mafuta ya mfuko usio na koki hayawezi kuvuka bonde yakiwa machache. Ndiyo maana utawaona madereva wakiilaza pikipiki upande wa koki kisha kuisimamisha na kupiga kiki: wameyamwaga upande wa pili. Hila hiyo ni halali, ila hukupa kilomita chache tu na haina marudio.

Injini ikizima na tangi likionekana kuwa na mafuta, fungua kifuniko kabla ya kulaumu koki. Tundu la hewa kwenye kifuniko likizibwa na vumbi, petroli haishuki. Ukisikia hewa ikiingia kwa mvumo, kisha injini ikawaka, umeshapata ugonjwa.

Pikipiki za mfumo wa injeksheni hazina RES. Zina taa ya onyo, na katika nyingi pampu ya umeme imekaa ndani ya tangi, ikipozwa na petroli inayoizunguka. Kwa hizo, taa ikiwaka jaza mapema, maana kuendesha mpaka tone la mwisho huipasha pampu joto na kuichakaza.