Je, Wajua? Upana wa Pedeli na Magoti ya Mpanda Baiskeli

Katika Namatala, kwenye tambarare za mji wa Mbale, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba abiria, magunia na madumu ya maji, na anayeipanda hujali sana urefu wa kiti. Kuna kipimo kingine kinachostahili uzito huohuo: nafasi iliyopo kati ya nyayo mbili. Hupimwa toka uso wa nje wa mkono mmoja wa pedeli hadi uso wa nje wa mkono wa pili. Baiskeli nyingi za mbio zina milimita 145 hadi 150. Za milimani, kwa sababu ya matairi mapana, hufika 165 hadi 180, na baadhi ya zile za mazoezi ya ndani hukaribia 200. Anayesafiri barabarani kwa baiskeli ya kwanza na kufanya mazoezi ukumbini kwa ile ya mwisho huyataka magoti yake yafuate njia mbili tofauti.

Mtu atasema sentimita tano ni kitu gani, ilhali kila mguu unasogea mbili na nusu tu? Tukitembea, unyayo hujichagulia pa kukanyaga. Juu ya pedeli hauna hiari hiyo, na kwa mizunguko 70 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,200 katika mstari uleule. Tena baiskeli ya ndani husimama imara sakafuni. Ile ya barabarani huyumba kidogo chini ya mpandaji na kumpunguzia mzigo. Ya ndani haiyumbi, hivyo kosa lote la mkao huishia gotini na nyongani.

Je, basi kila mtu abane pedeli? Mskoti Graeme Obree alifanya hivyo: alijiundia baiskeli yenye pedeli zilizokaribiana sana, akitumia beringi za mashine ya kufulia, na mwezi Julai 1993 huko Hamar, Norwei, aliweka rekodi ya dunia ya saa moja, kilomita 51.596. Utafiti wa mwaka 2014 nao ulikuta kwamba nafasi ya milimita 90 au 120 huokoa nguvu kidogo kuliko 150 au 180. Lakini faida hiyo ni ndogo, na nyonga za watu hazilingani. Kwa asiyeshindana, naona kulinganisha baiskeli zake mbili kuna maana zaidi kuliko kukimbilia wembamba.

Ni kweli pia kwamba mwili huzoea, na wengi hupanda zote mbili bila maumivu. Hao wasihangaike. Anayeumwa aanze na kiti. Kikiwa sawa na goti bado linalalamika, apime kila baiskeli toka katikati ya fremu hadi uso wa nje wa kila mkono, kisha ajumlishe pande mbili. Kutanua ni rahisi kuliko kubana, kwa hiyo mara nyingi hurekebishwa ile nyembamba, kwa kuongeza kipande cha chuma kati ya mkono na pedeli. Kisizidi kiasi, maana pedeli iliyotoka sana nje hugusa ardhi kwenye kona. Na ukikifunga mwenyewe, kumbuka pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na saa. Ukilazimisha upande wa kawaida utaharibu nyuzi za mkono mzima.