Je, Wajua? Protini ya Maziwa Inayowanyima Bakteria Chuma

Je, wajua kwamba udongo mwekundu unaouona ukipanda kwenda Mgeta, katika Milima ya Uluguru, unapata rangi yake kutokana na kutu ya chuma? Mlimani chuma ni tele. Lakini bakteria akiingia kwenye kiwele cha mbuzi anayelishwa hukohuko mlimani, hukuta chuma karibu chote kina mwenyewe.

Mmoja wa wenyewe hao ni laktoferini, protini iliyoonekana kwanza katika maziwa ya ng'ombe mwaka 1939. Molekuli yake moja hushika atomi mbili za chuma, na ikishiba hugeuka rangi ya waridi. Imo pia katika machozi, mate na seli nyeupe za damu, ambazo huimwaga penye maambukizi. Hapo asidi huongezeka, na transferini, ndugu yake anayesafirisha chuma kwenye damu, huanza kuachia mzigo. Laktoferini haiachii upesi hivyo.

Maziwa ya dang'a ya mama yanaweza kuwa na gramu 5 au zaidi za laktoferini kwa lita; maziwa ya kawaida ya ng'ombe hayafikii hata gramu moja. Na bado wapo wanaoyakamua dang'a na kuyamwaga, eti ni machafu!

Mgeta ni nchi ya mbuzi wa maziwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichopo Morogoro chini ya milima hiyo, kilishiriki kuwafikishia wakulima mbuzi wenye asili ya Norway miaka ya 1980. Mfugaji hutambua ugonjwa wa kiwele kwa uvimbe, joto na mabonge kwenye maziwa. Lakini ugonjwa huanza kabla ya dalili hizo, na laktoferini hupanda mapema. Njia ya kawaida ya kuipima hutumia kingamwili.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96. Kingamwili ya kwanza hugandishwa chini ya kisima, maziwa yaliyozimuliwa hutiwa, laktoferini hunaswa, mengine yote huoshwa. Inafuata kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya. Ukitia dawa ya rangi, kisima huwa buluu, na tone la asidi hukigeuza njano. Njano ikikolea, protini ni nyingi.

Kingamwili hizo hutoka wapi? Mara nyingi kwa sungura, au kwa mbuzi mwenyewe: huchomwa sindano ya laktoferini ya mnyama mwingine, mwili wake unaiona ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Tangu mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipoonyesha njia huko Cambridge, zinatengenezwa pia na seli zinazokuzwa maabara, zote za aina moja. Ila mnunuzi asome kibandiko: laktoferini ya binadamu na ya ng'ombe zinafanana kwa takriban asilimia 70 tu, na kingamwili ya moja huenda isiitambue nyingine.

Hospitalini kipimo hiki hutumika hata kwenye choo kikubwa. Laktoferini ikiwa nyingi, utumbo una uvimbe, kwa kuwa seli nyeupe zimekusanyika humo. Isipokuwa mgonjwa ni mtoto anayenyonya: choo chake kinaweza kuonyesha laktoferini nyingi naye ni mzima, maana aliyemimina protini hiyo ni mama yake.